Mstaafu wa Jeshi Anapoitwa Tena Kulinda Kijiji

(Mada iliyotolewa Bariadi, mkoani Simiyu, mbele ya kamati za maendeleo za sharika na wageni wafadhili)

 

Mada tuliyopewa leo inahusu watu ambao katika taarifa zetu za robo mwaka huwa hawatajwi. Tunaandika idadi ya visima, madarasa na vikundi vya kuweka na kukopa. Hatuandiki ni nani aliyelala nje ili pampu ya kisima isiibiwe. Katika vijiji vingi vya Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, ukiuliza swali hilo utaonyeshwa mzee mmoja mnyoofu wa mgongo, anayeamka kabla ya jogoo, na watu watakwambia, "Huyo alikuwa jeshini."

Ndiye mstaafu wa Jeshi la Wananchi. Alirudi nyumbani akidhani amemaliza. Akajenga, akanunua ng'ombe wachache, akalima pamba. Halafu siku moja mtendaji wa kijiji akaja na mwenyekiti, wakakaa kwenye vigoda, wakamwambia kwamba kijiji kinamhitaji tena. Hawamhitaji kwa siku zote saba, bali kwa usiku mbili au tatu za kila juma, na wakati wa mafunzo ya mgambo, na msimu wa pamba fedha zinapokuwa nyingi.

Tunapenda tujiulize pamoja mambo matatu. Wito huu umetoka wapi? Unamgharimu nini anayeitwa na jamaa yake? Na sisi wa sharika na miradi, ambao tunafaidika na ulinzi wake, tuna wajibu gani kwake?

Wito huu umetoka wapi

Ndugu zetu kutoka nje wanaweza kushangaa kwa nini mwanajeshi aliyestaafu anarudia kazi ya ulinzi kijijini. Ni lazima tukumbuke jinsi jeshi letu lilivyozaliwa. Tulipopata uhuru mwaka 1961 tulirithi jeshi la mkoloni, likaitwa Tanganyika Rifles. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliasi. Jeshi lile likavunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Neno "wananchi" liliwekwa kwa makusudi. Fikra ya Mwalimu Nyerere na wenzake ilikuwa kwamba askari asiwe mtu wa pembeni anayeogopwa, bali atoke kwa wananchi na siku moja arudi kwao. Jeshi la Kujenga Taifa lilikuwa limekwisha kuanzishwa tarehe 10 Julai 1963, na vijana wengi wa jeshi jipya walitoka humo.

Mwaka 1966 ikatungwa Sheria ya Ulinzi wa Taifa, inayotambua jeshi la kudumu na jeshi la akiba. Mtu wa akiba si askari wa kila siku. Ana shamba lake na kazi yake, lakini yuko tayari kuitwa. Kisha ukaja Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, baada ya Guinea kushambuliwa na Wareno Novemba 1970 na baada ya Idi Amin kutwaa madaraka Uganda Januari 1971. Chama kikasema ulinzi ni wa umma wote, na mafunzo ya mgambo yakaenezwa viwandani, maofisini na vijijini.

Wazee wetu walionja maana ya maneno hayo mwishoni mwa Oktoba 1978, majeshi ya Amin yalipoingia Kagera. Jeshi letu lilikuwa dogo. Lilipanuliwa haraka kwa kuita polisi, magereza, JKT na mgambo. Inakadiriwa kuwa wanamgambo pekee walikuwa karibu 40,000. Usukuma ulitoa watu wake kama mikoa mingine. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilianguka. Baadhi ya waliokwenda wamelala katika makaburi ya mashujaa ya Kaboya, wilayani Muleba. Waliobaki hai wengi walirudi kwenye majembe yao, na hadi leo wapo wachache miongoni mwetu, wazee sana sasa, ambao usiku wakisikia mlio mkubwa huamka wakiwa wamesimama.

Vita viliacha jambo lingine. Silaha zilizagaa, hali ya uchumi ikawa mbaya, na wizi wa ng'ombe katika Usukuma ukageuka kuwa ujambazi wa bunduki. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, upande wa Kahama na Shinyanga, wanavijiji walijikusanya wenyewe wakaanzisha sungusungu, wengine wakijiita wasalama. Jina ni la wale wadudu weusi wanaouma kwa pamoja. Walikuwa na upinde, mishale na filimbi, na mwano ukipigwa kijiji kimoja, kijiji cha pili kilipokea, cha tatu kikafunga njia. Hawakuanza kutoka hewani. Usukuma ulikuwa na desturi ya vijana kufanya kazi kwa makundi, chini ya kiongozi wao, tangu zamani za watemi. Na katika makundi hayo waliokuwa wamepitia jeshi au mgambo walijua kupanga zamu, kupeleka taarifa na kutii amri.

Serikali haikuwakataa. Mwaka 1989 Bunge lilirekebisha sheria za mgambo, na vikundi vya jadi kama sungusungu vikapata kutambuliwa. Tangu mwaka 2006 Jeshi la Polisi nalo likahimiza ulinzi shirikishi na polisi jamii. Kwa hiyo mstaafu anapoitwa leo anaingia katika mlango ambao nchi yenyewe iliufungua.

Anaitwa kufanya nini

Kwa jinsi tunavyoona katika maeneo ya miradi yetu, mstaafu huitwa kwa kazi za aina nne.

Ya kwanza ni mafunzo ya mgambo. Kila wilaya ina mshauri wa jeshi la akiba, ambaye ni ofisa wa JWTZ, na mafunzo hufanyika katika kata kwa miezi kadhaa. Vijana wa kike na wa kiume hufundishwa kwata, usomaji wa ramani, huduma ya kwanza, matumizi ya silaha na sheria za nchi. Mstaafu anayeishi jirani huombwa kusaidia. Anawajua vijana kwa majina, na baba zao anawajua.

Ya pili ni sungusungu na doria za kijiji. Hapa mstaafu huwa mshauri au kamanda, chini ya kamati ya ulinzi na usalama ya serikali ya kijiji.

Ya tatu ni ulinzi wa mali ya pamoja: zahanati, shule, mashine ya kusaga, kisima chenye sola, ghala la chama cha msingi cha ushirika. Tangu mwaka 2018 pamba ikinunuliwa kupitia vyama hivyo, msimu unapofunguliwa, kwa kawaida mwezi Mei, ghala la kijiji hujaa mali ya kaya mamia, na mara nyingine fedha taslimu pia.

Ya nne ni ya wale walio karibu na hifadhi. Vijiji vya Meatu, Itilima, Bariadi na Busega vinavyopakana na Serengeti na Pori la Akiba la Maswa vinajua tembo akiingia katika mahindi usiku mambo huwaje. Panahitajika watu wasiopoteza akili, wanaojua kupanga wenzao na kuwasiliana na askari wa wanyamapori badala ya kukimbilia mshale wa sumu.

Katika kazi zote nne, anacholeta mstaafu ni utaratibu zaidi ya nguvu. Sisi tulioketi hapa tumeona tofauti. Kijiji chenye vijana wenye hasira lakini hakina mtu wa kuwapanga, usiku wa kwanza wanajitokeza hamsini, usiku wa kumi wanabaki watatu, nao wamelala. Kijiji chenye mstaafu, kuna daftari. Zamu zimeandikwa, aliyekosa anajulikana, filimbi ina maana moja tu, na asubuhi taarifa inapelekwa kwa mtendaji. Mzee mmoja wa upande wa Itilima alitueleza hivi: "Jeshini hawakunifundisha kupiga watu tu. Walinifundisha kukaa macho bila kufanya kitu." Wale waliowahi kulinda wanajua kwamba hiyo ndiyo sehemu ngumu ya kazi.

Gharama isiyoandikwa

Ndugu zangu, hapa ndipo tunaomba tusikilizane vizuri.

Mstaafu alipostaafu mwili wake ulikuwa umeshatumika. Magoti yamebeba mizigo ya miaka mingi, masikio yamesikia mizinga. Akikesha usiku tatu kwa juma katika baridi ya Juni na Julai, asubuhi hawezi kulima kama jirani yake. Mwezi wa Novemba, wakati wenzake wanapanda pamba kwa mvua za kwanza, yeye yuko kwenye mafunzo ya mgambo. Mvua haimsubiri. Shamba lake linapandwa wiki tatu baadaye, na mkulima wa pamba anajua maana ya wiki tatu.

Watu husema, "Ana pensheni." Ni kweli, ana pensheni. Lakini pensheni ya askari wa cheo cha chini inasomesha wajukuu, inanunua dawa, na mara nyingi inalisha nyumba mbili au tatu. Pensheni ile ni malipo ya kazi aliyokwisha kuifanya. Si mshahara wa kazi mpya tunayompa sisi. Tukisema "huyu analipwa na serikali" halafu tukamtumia bure, tunalipa deni letu kwa fedha za mtu mwingine.

Kisha kuna mama wa nyumba. Katika usharika mmoja tuliokuwa tukifanya tathmini ya mradi wa maji, kamati ilimsifu sana mzee mmoja aliyekuwa akilinda sola za kisima. Tangu alipoanza, hakuna kilichoibiwa. Mke wake alikuwa ameketi nyuma pamoja na akina mama wengine. Alipopewa nafasi alisimama akauliza swali moja: "Naomba kamati inijibu. Mume wangu mmeazima au mmechukua?" Watu walicheka, kisha wakanyamaza. Mzee alikuwa amekohoa miezi miwili. Jeshini alikuwa na hospitali, alikuwa na likizo, alikuwa na mkubwa wake wa kumwambia apumzike. Kijijini, mtu aliyempa kazi ni kila mtu, kwa hiyo wa kumpumzisha hakuna hata mmoja.

Swali la mama yule ndilo kiini cha mada hii. Kitu cha kuazima kina siku ya kurudishwa, na aliyekiazima hukitunza. Kilichochukuliwa hakina siku.

Nchi nyingine zimelijibu swali hilo kwa sheria. Kule Marekani askari wa akiba wa National Guard kwa kawaida hutumikia wikiendi moja kwa mwezi na majuma mawili kwa mwaka. Analipwa kwa siku hizo, na sheria ya mwaka 1994 inamlinda asipoteze kazi yake ya kawaida kwa sababu ameitwa. Hatusemi kijiji cha Simiyu kiige Marekani. Tunasema tu kwamba utumishi wa muda una neno "muda" ndani yake. Lazima ijulikane unaanza lini, unakwisha lini, na nani anabeba gharama.

Jirani zetu Kenya wametupa funzo la upande mwingine. Polisi wa akiba wa vijijini, ambao kwa miaka mingi walijitolea bila mshahara wakiwa na bunduki za serikali, walinyang'anywa silaha mwaka 2019 katika kaunti kadhaa za wafugaji, zikiwemo Turkana na Baringo, kwa sababu ya malalamiko kwamba silaha zilitumika vibaya. Baadaye wananchi wakalalamika kwamba wameachwa wazi mbele ya wezi wa mifugo, na serikali ikalazimika kuwarudisha katika utaratibu mpya. Watu wasiolipwa, wasiosimamiwa, na wenye silaha ni mzigo wa kila mtu. Na kuwaondoa ghafla ni mzigo pia.

Hatari tusizozifumbia macho

Itakuwa si haki tukimsifu mstaafu tu bila kutaja hatari. Wafadhili wetu wameuliza mara kwa mara, na wana haki kuuliza, kama fedha za kanisa zinaweza kuishia kwenye kikundi kinachopiga watu.

Sungusungu wana historia yenye pande mbili. Walirudisha ng'ombe na usingizi wa watu. Lakini pia wapo waliotoza faini zisizo na risiti, waliotenga familia nzima isichote maji wala kuazimwa moto, na katika miaka ya 1980 wapo waliogeukia wanawake waliodhaniwa kuwa wachawi. Sisi katika Usukuma tunajua vizuri bibi mwenye macho mekundu kwa sababu ya moshi wa kuni anavyoweza kuhukumiwa na uvumi. Kanisa haliwezi kuwa upande wa uvumi huo, hata kama wanaoueneza wana filimbi na barua ya kijiji.

Katika jambo hili mstaafu mwema ana thamani kubwa. Tunajua kisa cha kijiji kimoja ambako kijana alikamatwa usiku na betri ya sola. Watu walitaka kumfunga kamba na kumchapa mpaka ataje wenzake. Kiongozi wa doria, mstaafu, alisimama kati yao na yule kijana. Aliwaambia kwamba mtuhumiwa akishakamatwa si adui tena, ni dhamana. Akamketisha, akampa maji, akaandika majina ya waliomkamata na saa, na asubuhi akaongozana naye mpaka kituo cha polisi. Kwa majuma kadhaa baadhi ya vijana walimwita msaliti. Wengine walisema ameshiba pensheni ndiyo maana hana uchungu. Hakujibu. Aliendelea na zamu yake. Kesi ilifika mahakamani ikiwa na ushahidi safi, kwa sababu hakuna aliyeweza kusema maneno ya kijana yalitolewa kwa fimbo.

Ndugu wajumbe, mtu huyo alihitaji nini usiku ule? Hakuhitaji bunduki. Alihitaji kujua kwamba nyuma yake kuna serikali ya kijiji, kuna mchungaji, kuna kamati, watakaosema hadharani kwamba alifanya sawa. Msaada huo hauna bei, nasi wakati mwingine tumekuwa wagumu kuutoa kuliko fedha.

Hatari nyingine ni ya sheria. Katiba yetu, ibara ya 147, inakataza mtu au kikundi chochote isipokuwa Serikali kuunda jeshi la aina yoyote. Usharika hauwezi kuwa na "jeshi" lake, wala mradi hauwezi. Tunaweza kuwa na mlinzi, na tunaweza kushirikiana na doria ya kijiji iliyo chini ya kamati ya ulinzi na usalama. Basi. Vilevile sare: mwaka 2023 JWTZ lilitoa siku saba kwa raia wenye mavazi ya kijeshi na yanayofanana nayo kuyasalimisha. Kamati isinunue kombati au kofia za madoadoa kwa ajili ya walinzi hata kama sokoni zinauzwa. Silaha za moto nazo zina sheria yake ya mwaka 2015, na mstaafu kujua kuitumia hakumpi kibali cha kuimiliki.

Na siasa. Akiwa jeshini hakuruhusiwa kujiunga na chama chochote. Amestaafu, sasa ana haki hiyo kama raia mwingine. Lakini akiwa kamanda wa doria wakati wa uchaguzi, na huku anavaa fulana ya mgombea, kijiji kitagawanyika. Atachagua moja kwa kipindi hicho. Wastaafu wenyewe, tulipozungumza nao, walikuwa wa kwanza kusema hivyo.

Tunachoziomba kamati za sharika

Katika Injili ya Luka, askari walimwendea Yohana Mbatizaji wakamwuliza wao wafanye nini. Hakuwaambia waache uaskari. Aliwakataza kudhulumu watu na akawataka waridhike na mishahara yao. Tukilitazama vizuri, sharti la pili linadai kitu kwa upande wetu pia. Mtu hawezi kuridhika na ujira ambao haupo.

Kwa hiyo tunaziomba kamati zifanye mambo yafuatayo pale ambapo mradi wa usharika unanufaika na kazi ya mstaafu.

Kwanza, wito uwe wa maandishi. Karatasi moja inatosha: jina, kazi yenyewe, usiku ngapi kwa juma, kuanzia mwezi gani hadi mwezi gani. Isainiwe na mwenyekiti wa kamati, mtendaji wa kijiji na mhusika. Muda usizidi mwaka mmoja bila kuulizwa upya kama anataka kuendelea, na aulizwe mbele ya mwenzake wa ndoa.

Pili, msimu wa kupanda aachwe huru. Kama mafunzo au doria haiwezi kusubiri, basi kikundi cha kijiji kilime shamba lake kwanza. Desturi ya kulima kwa pamoja tunayo, ngoma ya bugobogobo tunayo. Siku moja ya vijana thelathini inatosha ekari zake.

Tatu, posho iingizwe katika makisio ya uendeshaji wa mradi. Kamati za maji hukusanya fedha za ndoo. Sehemu ndogo ya fedha hizo iwe ya ulinzi, na risiti ziwepo. Pale ambapo kazi ni ya kila usiku, huyo si mtu wa kujitolea tena, ni mwajiriwa, na sheria za kazi zinamhusu.

Nne, afya. Bima ya afya ya kaya yake, koti la mvua, viatu vya kufaa, tochi na betri. Na apimwe kabla ya kuanza. Mzee mwenye shinikizo la damu asipewe zamu za usiku. Apewe daftari, maana kupanga zamu kunahitaji kichwa chake zaidi ya miguu.

Tano, aandaliwe wa kumrithi. Kila mstaafu awe na vijana wawili waliopita mgambo au JKT wanaojifunza kwake. JKT kwa mujibu wa sheria lilisimama mwaka 1994 likarudi mwaka 2013, hivyo kuna kundi zima la watu wazima kijijini ambao hawakupata mafunzo yoyote. Mstaafu mmoja hawezi kuwa ukuta wa kijiji milele.

Sita, kila mtuhumiwa apelekwe kwenye sheria. Kamati itakayosikia kwamba doria inayolinda mradi wake imempiga mtu au imemtuhumu bibi kwa uchawi, itoe taarifa polisi na kwa ofisi ya dayosisi mara moja. Hapo hatutaangalia kama ni mzee wetu au si mzee wetu.

Tunachowaomba wafadhili

Ndugu zetu wafadhili, tunaelewa kwamba katika fomu zenu neno "ulinzi" huleta mashaka. Hatuombi fedha za silaha, wala za sungusungu, wala za mafunzo ya mgambo. Hiyo ni kazi ya Serikali. Tunaomba kwamba mnapokubali kugharimia pampu ya sola, mkubali pia kwamba pampu hiyo ina usiku. Mtu anayeilinda awe na mstari wake katika bajeti, kwa miaka miwili ya mwanzo, mpaka kamati ya maji iweze kumlipa yenyewe. Sola ikiibiwa, akina mama wanarudi kwenye mto mchanga, kuchimba visima vya mikono na kugombania maji na ng'ombe. Hasara hiyo ni kubwa kuliko posho ya mzee mmoja.

Vilevile, mnapotembelea miradi, msiishie kupiga picha na mwenyekiti na mchungaji. Ombeni kuonana na mlinzi. Mwulizeni alilala lini mara ya mwisho usiku mzima. Jibu lake litawaeleza hali ya mradi vizuri kuliko taarifa tunayowaandikia sisi.

Hitimisho

Kila tarehe 25 Julai taifa letu huadhimisha Siku ya Mashujaa. Tunawakumbuka waliokufa, na ni vema. Lakini wapo ambao hawakufa, walirudi Simiyu, na sasa tumewaomba tena. Wamekubali, kwa sababu kwao kukataa wito ni jambo geni. Mtu wa namna hiyo ni rahisi sana kumtumia vibaya, maana hatalalamika.

Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Wastaafu hawa wamerudi kucheza kwao. Tunapendekeza kwamba katika kikao kijacho cha kila kamati ya usharika iwepo ajenda moja: nani analinda kazi ya mikono yetu, kwa masharti gani, na mpaka lini. Majibu yaandikwe katika muhtasari na yaletwe ofisini pamoja na taarifa ya robo mwaka. Na kabla ya kikao hicho, mjumbe mmoja aende nyumbani kwa mzee, aketi na mama, amjibu lile swali. Aseme tumemwazima, na amtajie siku ya kumrudisha.